Gurudumu Moja Linaungua, Matatu Yana Homa: Uchambuzi wa Kisa cha Breki za Trela ya Boti

Trela ni ya ekseli mbili na magurudumu manne. Imebeba boti ya fiba pamoja na injini yake, na uzito wote, trela yenyewe ikiwemo, ni kilo 2,300. Breki zake ni za msukumo. Kichwa cha trela kina sehemu mbili, moja ikiteleza ndani ya nyingine. Gari la mbele likipunguza mwendo, trela inalisukuma kwa uzito wake, kichwa kinajibana, kijiti kinaisukuma pistoni ya masta silinda (pampu ya mafuta ya breki), na mafuta ya breki yanakwenda kwenye magurudumu. Hakuna pedali wala waya wa kuamuru breki.

Trela hii ilitoka kiwandani na breki za dramu. Maji ya chumvi yalizila dramu kwa kutu, mwenyewe akazitoa na kuweka diski na kalipa (kifaa kinachoibana diski kwa pedi) kwenye magurudumu yote manne. Kichwa cha trela na masta silinda iliyomo ndani yake havikuguswa. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini nusu ya kisa imejificha humo.

Malalamiko yalikuwa matatu. Kila safari ikizidi kilomita 40, gurudumu la nyuma kulia linatoa harufu ya kuungua. Gari linavuta kwa shida hata barabara ikiwa tambarare. Tena trela inagoma kurudi nyuma kwenye kipando cha kuingilia banda, magurudumu yanajifunga kabisa. Kwenye mteremko wa kushushia boti majini haikuwahi kugoma, kwa kuwa kule trela inateremka kwa uzito wake na kichwa hakibanwi, na ndiyo sababu tatizo lilikaa msimu mzima bila kugunduliwa.

Fundi wa kwanza alibadilisha kalipa ya nyuma kulia na pedi zake. Kwa wiki mbili kukawa kimya, kisha harufu ikarudi pale pale.

Joto likisomwa vizuri

Kabla ya kufungua nati hata moja, trela ilivutwa kilomita 20 kwenye barabara tambarare, breki zikiguswa kidogo iwezekanavyo, na mwisho gari likaachwa lipoe mwendo lenyewe hadi kusimama. Hewa ilikuwa nyuzi 28 za Selsiasi. Kipimajoto cha miale kilielekezwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), sehemu yenye rangi. Usilenge diski inayong'aa, kwani chuma king'aacho hukidanganya kipimajoto cha aina hii na kuonyesha joto dogo kuliko lililopo.

Mbele kushoto ilikuwa nyuzi 61, mbele kulia 64, nyuma kushoto 63, nyuma kulia 131.

Macho ya kila mtu yanakimbilia 131, na fundi wa kwanza alikimbilia huko huko. Lakini breki hazikutumika. Beringi zenye grisi nzuri hazina sababu ya kuipandisha habu hadi nyuzi 60 na zaidi kwa mwendo wa dakika 20. Magurudumu yale matatu "mazima" nayo yalikuwa mgonjwa, ila homa yake ni ya chini. Hapo ndipo kisa kinapogawanyika: kuna ugonjwa wa gurudumu moja, na kuna ugonjwa wa mfumo wote, umelala chini ya ule wa kwanza.

Mpangilio wa joto hukuonyesha pa kutafuta. Gurudumu moja likiwa la moto, tafuta kwenye gurudumu hilo: kalipa, pini, pedi, beringi. Magurudumu mawili ya ekseli moja yakiwa ya moto, shuku mpira wa breki unaoshuka kutoka kwenye chesi kwenda kwenye ekseli hiyo. Yote yakipata joto sawa, chanzo kiko kabla bomba halijagawanyika, yaani kwenye kichwa cha trela, masta silinda, au ile kamba ya dharura inayofunga breki trela ikichomoka. Kamba hii hunaswa gari likikata kona kali na kuuvuta wenzo wa breki ya dharura bila mtu kujua. Kwenye vichwa vingi wenzo ukishavutwa hubaki hapo mpaka urudishwe kwa mkono. Ikaguliwe kwanza, maana haihitaji hata spana. Katika kisa hiki ilikuwa imelegea kama inavyotakiwa.

Ukikutwa na hali hii njiani

Usimwagie maji habu wala diski ya moto. Diski inaweza kupinda au kupasuka, na habu ikipoa ghafla, hewa iliyo ndani inajikunja na kuvuta maji kupita sili hadi kwenye beringi. Habu yenye joto ikizamishwa baharini wakati wa kushusha boti hupatwa na jambo hilo hilo. Acha ipoe yenyewe.

Ikishapoa, weka vizuizi kwenye magurudumu, kisha sogeza gari mbele kidogo ili kichwa kijinyooshe. Gurudumu likiachia, kichwa kilikuwa kimekwama kikiwa kimebanwa. Lisipoachia, fungua nipeli ya kutolea upepo (skrubu ndogo yenye tundu kwenye kalipa) robo mzunguko, mpira mwembamba ukiwa umevishwa na kuingizwa kwenye chupa. Likiachia hapo, mafuta yalikuwa yamefungiwa. Hilo litakuwezesha kuihamisha trela hadi mahali salama, si kumaliza safari: ukikanyaga breki mara chache presha inajaa tena. Na mafuta yaliyopikwa hayaaminiki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya kabisa huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yanafyonza unyevu, na kiwango kinachotakiwa kwa yaliyokwisha kunywa maji ni nyuzi 140 tu. Yakichemka ndani ya kalipa yanageuka mvuke, mvuke unabanika, na breki haipo.

Je, ni presha au ni chuma?

Swali hili linapaswa kuulizwa kabla ya kununua kitu chochote. Gurudumu linalobana limebanwa na mafuta yaliyoshindwa kurudi, au na chuma kilichoshindwa kuteleza. Dalili zinafanana kabisa, dawa hazifanani hata kidogo.

Trela ilifungwa kwenye gari, ikavutwa mbele kidogo kichwa kikanyooka, vizuizi vikawekwa, kisha kila gurudumu likainuliwa kwa jeki kwa zamu na kuzungushwa kwa mkono. Matatu yalizunguka kwa kusuasua na mlio wa kusugua mfululizo. La nyuma kulia lilihitaji mikono miwili.

Nipeli ya mbele kushoto ikafunguliwa. Mafuta yakaruka kidogo, na gurudumu hilo likawa jepesi. Nipeli ikafungwa, yakajaribiwa mengine bila kufunguliwa chochote. Mbele kulia, jepesi. Nyuma kushoto, jepesi. Nyuma kulia, bado gumu vile vile.

Tendo hilo moja limesema mambo matatu. Magurudumu matatu yalibanwa na presha. Mipira ya breki haijaziba, kwa sababu presha ya gurudumu la nyuma kushoto iliweza kurudi kupitia mpira wa ekseli yake na kutokea mbele. Mpira uliovimba kwa ndani hupitisha mafuta yakisukumwa kwa nguvu ya breki, kisha huyazuia kurudi. Na nyuma kulia kuna chuma kilichokwama. Ili kuondoa shaka, nipeli yake yenyewe ilifunguliwa: hakuna kilichobadilika.

Kalipa mpya, kosa jipya

Kalipa hii ni ya kuelea. Ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili ili ivute pedi ya nje. Pini zikikwama, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, na breki ikiachwa kalipa hairudi katikati. Pedi zilipotolewa, ya ndani ilikuwa na unene wa milimita 5 na ya nje milimita 9, wakati zote zilifungwa siku moja. Tofauti kama hiyo ni saini ya pini zilizokwama.

Lakini kalipa ilikuwa mpya. Pini zilitolewa kwa kugongwa, na raba zake zikatoka zimevimba na kulainika kama zimelowekwa. Fundi alizipaka grisi ya beringi. Grisi ya kawaida imetengenezwa kwa mafuta yatokanayo na mafuta ghafi, na raba za breki nyingi huyanywa mafuta hayo na kuvimba. Siku ya kwanza pini inateleza vizuri kupita kiasi. Raba inanenepa kidogo kidogo, na baada ya wiki mbili pini imeshikwa. Kalipa ya zamani iliharibiwa na chumvi, hii mpya ikaharibiwa na mkono uliokusudia mema.

Zilifungwa pini mpya na raba mpya pande zote nne, si nyuma kulia pekee, zikapakwa grisi ya silikoni ya breki, kiasi cha kufunika pini kwa utando mwembamba. Ukijaza shimo lote, hewa iliyonaswa nyuma ya grisi inaisukuma pini irudi nje. Kalipa ikishafungwa bila pedi, isukume kwa vidole. Isipoteleza kwa vidole, usifunge gurudumu.

Beringi za habu hiyo hazikurudishwa. Grisi ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika kwenye diski kwa nyuma, na mdomo wa sili ulikuwa mgumu kama plastiki. Sili za raba ya kawaida ya nitraili zinavumilia nyuzi 100 hadi 120, na habu hii ilisomwa 131. Ziliwekwa beringi mbili mpya na vikombe vyake, pamoja na sili mpya.

Vali iliyosahaulika

Sasa ile homa ya magurudumu matatu. Nipeli zote zilifungwa, kichwa kikabanwa kwa wenzo na kuachiwa, na magurudumu yakaanza kusugua tena. Kipimapresha kilichofungwa mahali pa nipeli kilionyesha psi 10, sawa na baa 0.7, na mshale haukupanda wala kushuka kwa robo saa. Nati ya bomba pale linapotokea masta silinda ilipolegezwa, presha ikaisha. Kwa hiyo kilichoizuia kiko kwenye tundu hilo la kutokea au nyuma yake.

Washukiwa wamebaki wawili. Wa kwanza ni tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda, ambalo huzibwa na pistoni isiyorudi hadi mwisho au na uchafu. Huyu aliondolewa shaka kwa urahisi: kifuniko cha tangi kilitolewa, kichwa kikasukumwa polepole sana, na mwanzoni mwa msukumo mafuta yakabubujika ndani ya tangi. Tundu liko wazi. Tena, tundu likiziba presha haitulii mahali pamoja, inaongezeka kadiri mafuta yanavyopata joto.

Mshukiwa wa pili ni vali ya kubakiza presha, na psi 10 ndiyo kazi yake hasa. Mfumo wa dramu unaihitaji: inaziweka midomo ya raba za silinda za magurudumu ikiwa imekaza isivute hewa, na springi za kurudisha brekishuu (vipande vinavyosugua dramu kwa ndani) zina nguvu ya kutosha kuzishinda psi 10. Diski haina springi hizo. Pistoni yake inarudishwa na sili yake tu, inayojipinda breki inaposhika na kujinyoosha ikiachwa, mwendo wa sehemu ndogo ya milimita. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 54 ina uso wa sentimita 23 za mraba. Zidisha na baa 0.7, unapata msukumo wa kilo 16 unaokandamiza pedi saa zote, safari nzima. Haitoshi kusimamisha gurudumu. Inatosha kulipika.

Vali inakaa kwenye tundu la kutokea mafuta, nyuma ya nati ya bomba. Kwenye vichwa vingine inatolewa peke yake; vingine vinahitaji masta silinda nzima. Hapa ilibadilishwa masta silinda, na sababu si vali tu. Kalipa zinahitaji presha kubwa kuliko silinda za dramu, ndiyo maana viwanda vinatengeneza kichwa cha dramu na kichwa cha diski kama vitu viwili. Kutoa vali na kuacha masta silinda ya dramu kunaponya homa, lakini kunaweza kukuachia trela inayosimama kivivu. Anayebadili dramu kuwa diski anunue kichwa au masta silinda siku ile ile anayonunua kalipa.

Rivasi

Breki za msukumo haziwezi kujua kama kichwa kimebanwa kwa sababu gari linasimama au kwa sababu linarudi nyuma. Dramu nyingi za trela hizi zimeundwa zijiachie zenyewe gurudumu likizunguka kinyume. Diski haina ujanja huo. Badala yake kunawekwa vali ya solenoidi inayopata umeme kutoka taa ya rivasi na kuzuia mafuta yasiende kwenye magurudumu.

Solenoidi ilikuwepo. Gia ya rivasi ikiwa imeingizwa, kwenye soketi ya gari kulipimwa volti 12.3, kwenye solenoidi yenyewe, ikiwa imeunganishwa, 8.1. Waya wa chanya ulipoteza volti 0.4 tu. Zile 3.8 zilizobaki zilipotelea njia ya kurudi: waya wa hasi ulifungwa kwa skrubu kwenye chesi, na chini ya skrubu kulikuwa na unga wa kutu. Taa za trela ziliwaka vizuri kwa sababu zilikuwa na waya wao wa hasi. Waya mpya wa hasi ulivutwa kutoka solenoidi hadi kwenye waya mkuu wa hasi wa plagi, maungio yakafunikwa kwa mipira inayosinyaa kwa joto yenye gundi ndani. Kipimo kikawa volti 11.9. Pima daima kitu kikiwa kinafanya kazi. Waya uliooza ukipimwa bila mzigo unaonyesha volti kamili.

Hapa kuna mtego mmoja wa trela za mtindo wa Marekani. Kwenye plagi bapa ya pini tano, waya wa buluu ni wa solenoidi ya rivasi. Kwenye soketi ya pini saba ya mviringo, buluu ni waya wa breki za umeme. Mtu akiunganisha buluu kwa buluu, na gari likawa na kidhibiti cha breki za umeme, kila dereva akanyagapo breki solenoidi inapata umeme na kuzima breki za trela. Unaendesha tani mbili zisizo na breki, na kila kitu kinaonekana kimefungwa sawasawa.

Dereva naye ana sehemu yake. Akisimama kichwa kikiwa kimebanwa, kisha akaingiza rivasi, solenoidi inafungia presha iliyokwisha kuingia. Asogee mbele nusu mita kwanza, aingize rivasi, asubiri kidogo, ndipo arudi.

Kutoa upepo

Mafuta yote yalimwagwa, yakawekwa DOT 3 mapya kutoka kopo lisilofunguliwa. Lita moja ilitosha kusafisha na kujaza. Kabla ya kuanza, angalia nipeli ya kila kalipa iko juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipeli inaangalia chini na upepo unabaki juu yake milele, hata ukitoa kutwa nzima.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, maliza na la karibu, rivasi ikiwa haijaingizwa. Vuta mpira mwembamba hadi kwenye chupa yenye mafuta, ncha ikiwa imezama. Msaidizi anaisukuma masta silinda polepole hadi mwisho na kuishikilia. Nipeli inafunguliwa, inafungwa, ndipo anaachia. Nipeli ikibaki wazi wakati wa kuachia, hewa inarudi. Tangi lijazwe kila baada ya misukumo mitano hivi, lisiwahi kukauka, na mwisho kiwango kibaki kama sentimita moja chini ya mdomo.

Jaribio

Trela ilirudi kwenye barabara ile ile, kilomita 20, mtindo ule ule. Habu zilisomwa 41, 43, 42 na 42. Kisha zikafanywa breki sita za nguvu ya wastani kutoka kilomita 60 kwa saa, na vipimo vikachukuliwa mara moja: 74, 77, 75, 79. Jaribio hili la pili huachwa mara nyingi, na ni kosa. Gurudumu linalobaki baridi baada ya breki sita ni gonjwa sawa na linaloungua, tofauti ni kwamba halina harufu. Kwenye kipando cha banda trela ilirudi bila kugoma.

Nati za magurudumu zilikazwa tena kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 16, 40 na 80, na pini za kalipa zikatolewa kuangaliwa baada ya boti kushushwa baharini mara tano. Raba hazikuwa zimevimba.